Kituo cha mchana kwa waraibu wasio na makazi: mwongozo wa kukianzisha na kukiendesha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi cha jamii, msikiti, kanisa au asasi ndogo inayotaka kufungua kituo cha mchana kwa watu wanaotumia dawa za kulevya au pombe kupita kiasi na ambao hawana mahali pa kulala. Mifano yake imetoka Dar es Salaam, na sheria zinazotajwa ni za Tanzania, ingawa msomaji wa Tanga, Mwanza au Mombasa ataitambua mingi bila kuelezwa.

Kituo cha mchana si nyumba ya upataji nafuu, ambako mtu hukaa kwa miezi akiwa ameacha kabisa, wala si kliniki. Ni mahali ambapo mtu huingia jinsi alivyo, akaoga, akanywa uji, akafungwa kidonda, akapumzika kivulini, kisha akaondoka bila kudaiwa ahadi yoyote. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowashinda waanzilishi wengi. Wanafungua mlango, kisha wiki ya tatu wanaanza kuuliza, "Utaacha lini?", na mtu aliyekuwa anakuja kila siku haonekani tena. Atakayeshindwa kuvumilia kumwona mtu yuleyule akirudi miezi minane akiwa bado anatumia ni afadhali aanzishe huduma nyingine.

Hatua ya 1: Wajueni watu kabla ya kutafuta nyumba

Kwa muda wa wiki nne hadi sita, watu wawili, mmoja wao akiwa mtu aliyewahi kutumia na anayefahamika maskani, yaani kwenye vijiwe vya waraibu, wapite mahali ambapo waraibu wanashinda na mahali wanapolala. Hayo si lazima yawe mahali pamoja. Mtu anaweza kushinda stendi akipiga debe au sokoni akibeba mizigo, akavutia dawa kwenye geto fulani, na usiku akalala barazani mwa duka lililo mtaa wa tatu. Wengine huokota makopo na vyuma chakavu kuanzia alfajiri, kwa hiyo aliyezoea kupita saa nne asubuhi hatawaona kamwe.

Ulizeni mambo matatu tu: analala wapi, anapata wapi maji ya kuoga, na akiugua anakwenda wapi. Msibebe kamera, msivae fulana zenye maneno ya kupinga dawa za kulevya, na msigawe fedha. Mkimkuta mtu mwenye arosto, yaani anayepiga miayo, kamasi zinamtoka na mwili unamsisimka, msianze kumhoji, kwa sababu wakati huo akili yake yote iko kwenye kete, yaani kipakiti cha heroini, inayofuata. Msalimieni, mwambieni mtarudi, na mrudi kweli. Heshima ya umri nayo isisahauliwe. Mtu wa miaka 55 anayelala juu ya boksi bado anastahili shikamoo, na nimeona mzee wa namna hiyo akilengwa na machozi kwa sababu ya neno hilo tu.

Hatua ya 2: Serikali ya mtaa, majirani, polisi na usajili

Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe wa eneo, kisha mtendaji wa kata, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mpangilio huo una maana yake, kwani mwenyekiti anayesikia habari za kituo kutoka juu hujiona amerukwa, na ni yeye atakayepokea malalamiko ya kwanza siku ndoo ya jirani itakapopotea. Kikundi kidogo kinaweza kusajiliwa na halmashauri kama kikundi cha kijamii. Kama mnakusudia kupokea ruzuku kubwa au kufanya kazi mikoa kadhaa, mtahitaji usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ijulishwe kwa barua mapema, na namba yake ya simu ya bure, 119, ibandikwe ukutani.

Majirani wasiitwe kwenye mkutano wa hadhara kama hatua ya kwanza. Mkutano wa hadhara humpa nafasi mwenye hasira, na waliobaki hunyamaza. Nendeni nyumba kwa nyumba, mkianza na zile kumi zinazopakana na kituo. Waelezeni kwamba watu hawa tayari wapo mtaani, kwamba kituo kitawapa choo na bafu badala ya uchochoro, na kwamba kuna mtu mwenye simu atakayekuja ndani ya dakika chache jirani akilalamika. Mama lishe aliye karibu mpeni kazi ya uji, kwa kuwa akishakuwa sehemu ya huduma atawatetea kuliko barua yoyote.

Kwa polisi, ombeni kuonana na mkuu wa polisi wa wilaya pamoja na polisi kata. Msiombe watu wenu wasikamatwe wakitenda kosa, maana ombi hilo halitakubaliwa na litawaharibia. Ombeni mambo mawili yanayowezekana: kwamba askari wasitege mlangoni pa kituo kuwavizia wanaoingia, na kwamba mtu akikamatwa kwa sababu tu ya kukutwa amelala nje, kituo kipigiwe simu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vya 176 na 177, inahusu uzembe na uzururaji, na asiye na makazi huangukia humo kwa urahisi. Mfahamuni pia wakili au msaidizi wa kisheria atakayejitolea, kwa kuwa siku ya kumhitaji hamtakuwa na muda wa kumtafuta.

Hatua ya 3: Nyumba, maji na saa za kufungua

Chagueni nyumba ambayo mtu anaweza kuifikia kwa miguu kutoka maskani, ikiwezekana kwenye njia ya kwenda kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, au karibu na kituo cha daladala. Nyumba nzuri iliyo mbali itabaki na viti vitupu. Inatosha kuwa na ua wenye kivuli, vyumba viwili, choo na mabafu mawili, ambayo milango yake ifunguke kwa nje ili mtu akianguka ndani aweze kufikiwa. Jambo hilo la milango linaonekana dogo, lakini mtu aliyezidisha dozi mara nyingi hukutwa bafuni, na mwili wake ndio unaouzuia mlango.

Maji yatangulie kila kitu kingine. Watu wakiulizwa wanahitaji nini, wengi hutaja kuoga na kufua kabla ya chakula, kwa sababu mtu anayenuka hufukuzwa dukani, kwenye daladala na hata hospitalini. Mkihesabu ndoo moja ya lita 20 kwa kila mtu, watu 25 watatumia lita 500 kwa kuoga tu, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 ndicho kiwango cha chini kinachoacha akiba ya kufulia na kupikia. Ongezeni sabuni, kamba za kuanikia, kanga au suruali chache za kuazima wakati nguo zinakauka, na nyembe mpya ambazo hakuna anayeshirikiana na mwenzake. Kwa uji, takriban kilo 2 za unga zinawatosha watu 40 kwa kikombe kikubwa kimoja.

Saa za kufungua zikishatangazwa zisibadilike. Saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri ni wakati unaofaa maeneo mengi, kwani asubuhi sana wengine wako kliniki na wengine wanahangaikia fedha ya kutolea arosto. Kituo kinachofunguliwa siku tatu kwa wiki bila kukosa ni bora kuliko kinachotangaza siku sita na kufungwa mbili bila taarifa. Mtu aliyetembea kutoka Kigogo kwa kandambili zilizokatika akakuta kufuli hatakupa nafasi ya pili.

Hatua ya 4: Mlangoni

Mtu anayekaa mlangoni awe mtulivu kuliko wote, na kwa hali yoyote asiwe mlinzi mwenye rungu. Aelewe kwamba mgeni haulizwi jina la ukoo, kitambulisho cha NIDA wala ametumia nini leo. Anasalimiwa, anaulizwa angependa kuitwa nani, na anaonyeshwa maji yalipo. Neno "teja" lisisikike ndani ya ua, hata kwa utani, hata waraibu wenyewe wakiitana hivyo. Kliniki zetu humwita mgonjwa "mteja", na umbali kati ya maneno hayo mawili ni herufi moja tu.

Kanuni ziwe chache kiasi kwamba mtu aliyesinzia anaweza kuzikumbuka: hakuna kutumia wala kuuza ndani, hakuna kupigana, hakuna kuuza mali ya wizi, na mlangoni hakuna anayezuiwa kwa sababu ya kuwa amelewa, ilimradi anaweza kukaa kwa amani. Anayevunja kanuni aambiwe atoke leo na arudi kesho, au baada ya siku tatu kama ni vurugu, na aambiwe siku hiyo kwa kutajiwa jina lake. Adhabu isiyo na mwisho ni kumrudisha mtu barabarani moja kwa moja.

Waelimishaji rika, yaani watu waliowahi kutumia ambao sasa wanawahudumia wenzao, ndio moyo wa kazi hii na pia ndipo penye hatari. Mtu aliyeacha miaka miwili iliyopita akikaa siku nzima kati ya watu wanaotumia anaweza kurudia, tena bila mtu kugundua mapema. Walipeni posho ya kueleweka na kwa wakati, wapeni siku za mapumziko, na kubalianeni kabla ya kuanza kwamba akirudia hatafukuzwa kwa aibu bali atapumzishwa na kusaidiwa kwanza. Asasi inayomtumia mwelimishaji rika kama kielelezo cha mafanikio kwenye kila mkutano wa wafadhili inamwekea mtego, kwa maana inamfanya ashindwe kusema kweli siku akiteleza.

Hatua ya 5: Afya ya kila siku, na dakika chache za hatari

Muuguzi anayekuja mara mbili au tatu kwa wiki anatosha kwa mwanzo. Kazi yake kubwa itakuwa vidonda na majipu yatokanayo na kujidunga. Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kufungwa kwa bendeji safi, na jipu lisiminywe. Mwenye homa, wekundu unaosambaa au uvimbe wa kinena apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, na anayeishi na VVU apimwe kwa kikohozi cha muda wowote. Upimaji wa VVU na homa ya ini ufanyike kwa hiari na kwa faragha, na majibu yasitajwe mbele ya mtu mwingine. Sindano zilizotumika ziingie kwenye kisanduku kigumu cha usalama, wala zisitupwe chooni au kwenye takataka za mtaa.

Wafanyakazi wote, pamoja na mpishi, wajue kutofautisha arosto ya heroini na ile ya pombe. Arosto ya heroini huanza takriban saa 8 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, na kwa mtu mwenye nguvu huwa mateso zaidi kuliko hatari ya kifo, ingawa kutapika na kuharisha humkausha maji, hivyo apewe maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Ya pombe ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyezoea gongo kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyopo, na kufa. Akianza kutetemeka sana, kutokwa jasho na kuzungumza mambo yasiyoeleweka, asiombewe kwanza wala asilazwe kwenye mkeka apoe. Apelekwe hospitali.

Kuzidisha dozi ya heroini ndilo tukio litakalowapima, na lazima mlifanyie mazoezi kila mwezi. Dalili zake ni kupumua polepole au kukoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo kuwa ya bluu au kijivu, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kutoitika. Mwiteni kwa sauti na mumsugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoamka, mmoja apige simu ya usafiri na kituo cha afya, mwingine amlaze chali, ainue kidevu chake, aondoe kilichomo mdomoni, azibe pua na kumpulizia pumzi moja kila sekunde tano. Kama muuguzi au mtu aliyefundishwa ana naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya heroini kwa muda, dozi ya miligramu 0.4 huchomwa kwenye msuli wa paja na inaweza kurudiwa baada ya dakika mbili au tatu. Akianza kupumua alazwe ubavu. Msimwache hata akisimama na kudai yuko sawa, kwa sababu naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90 huku heroini ikiwa bado mwilini, na anaweza kuzimika tena. Kumwagia maji, kumnywesha maziwa na kumtembeza kwa nguvu ni kupoteza dakika ambazo ubongo unakosa hewa.

Anayehitaji kuonywa kuliko wote ni yule aliyetoka gerezani au aliyekaa miezi bila kutumia. Mwili wake umesahau dawa, na kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Kumfikisha mtu kwenye methadoni

Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Muhimbili mnamo Februari 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke, na baadaye huduma ikaenea mikoani, ikiwamo Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na Arusha. Zanzibar nayo ina kliniki Kidongo Chekundu. Dawa hutolewa bure na kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu kila siku. Tangu mwanzo asasi za mtaani ndizo zilizowaandaa watu na kuwafikisha Muhimbili, na hapo ndipo kituo chenu kina kazi yake halisi.

Karatasi ya rufaa peke yake haifiki. Mtu atapewa karatasi, ataikunja mfukoni, na itafuliwa pamoja na suruali. Msindikizeni siku ya kwanza, ya pili, na mkiweza wiki nzima ya kwanza, na muulize mapema suala la nauli, kwa kuwa kwenda kliniki kila siku ya Mungu kwa daladala ni gharama inayowashinda wengi ambao nia walikuwa nayo. Mwelezeni bila kumficha kwamba dozi huanza ndogo na kupandishwa polepole, kwamba wiki mbili za kwanza bado atasikia arosto, na kwamba kuongezea heroini, pombe au vidonge vya usingizi juu ya methadoni katika kipindi hicho kunaweza kusimamisha pumzi. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini awaambie wahudumu wa kliniki, kwani rifampisini hupunguza kiwango cha methadoni mwilini na kumrudisha kwenye arosto bila yeye kujua sababu. Methadoni hutibu uraibu wa heroini na jamii yake tu, haina msaada kwa bangi, kokeini au pombe.

Hatua ya 7: Wanawake, na walio chini ya miaka 18

Wanawake hawatakuja kwenye ua uliojaa wanaume, na kutokuja kwao kusichukuliwe kuwa ushahidi kwamba hawapo. Wengi hukaa ndani ya mageto au kwa mwanamume anayewapa dawa, na mwanamume huyo huyo anaweza kuwa mlangoni mwenu akisubiri uji. Tengeni siku nzima, si saa moja, ambayo hakuna mwanamume anayeingia, wakiwamo wafanyakazi, na muwe na taulo za kike, mahali pa mtoto kulala na mhudumu wa kike anayejua njia ya kuripoti ukatili kwenye dawati la jinsia la polisi. Mjamzito anayetumia heroini asishauriwe kuacha ghafla, kwa kuwa arosto kali inaweza kuhatarisha mimba. Apelekwe kliniki, ambako methadoni ndiyo tiba inayopendekezwa kwake.

Mtoto wa mitaani mwenye gundi ya kunusa asichanganywe na watu wazima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkabidhi kwa ustawi wa jamii, na namba 116 ni ya bure kwa ajili yake. Mpeni chakula, mpigieni afisa ustawi, na mkae naye hadi afisa afike.

Hatua ya 8: Usiku unapoingia

Kituo kinafungwa saa tisa, na mtu bado hana pa kulala. Msijaribiwe kuwaacha wawili watatu walale ndani "kwa leo tu", kwa sababu kesho watakuwa kumi na mwenye nyumba atavunja mkataba. Kabati lenye makufuli la kuhifadhia vitu hadi asubuhi husaidia kuliko mnavyodhani, maana anayelala nje huibiwa kadi ya kliniki na viatu kabla ya kitu kingine. Kwa aliye tayari, tafuteni ndugu, na muwafuate nyinyi kwanza kabla ya kumpeleka. Familia ambayo mraibu aliuza televisheni, milango na mabati yake haisamehe kwa barua, na mara nyingine mama husema mwanawe aje kula Ijumaa tu, asilale. Mkubalini Ijumaa hiyo. Wengine huanza kwa kuchangiana chumba watu watatu, na kituo kinaweza kulipa miezi miwili ya mwanzo kwa mwenye nyumba, si mkononi mwa mpangaji.

Hatua ya 9: Daftari na fedha

Andikeni machache: jina la kuitwa, mwaka wa kuzaliwa kwa makadirio, jinsia, huduma aliyopata, na mahali alikosindikizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu, na taarifa za afya zinahitaji ulinzi wa juu kuliko nyingine, kwa hiyo daftari lifungiwe, picha zisipigwe, na orodha ya majina isitoke kwa mfadhili wala kwa askari asiye na hati. Ripoti zitaje idadi ya waliorudi mwezi uliofuata, kwa kuwa idadi ya walioingia mara moja haimwambii msomaji kitu.

Fedha ya mfadhili mmoja ikiisha, kituo hufa ghafla na watu hugundua mlangoni. Mkataba ukibakiza miezi mitatu bila ahadi mpya, waambieni waraibu wenyewe ana kwa ana, punguzeni siku badala ya kupunguza ubora, na hakikisheni kila aliye kwenye methadoni anajulikana kwa jina na mhudumu mmoja wa kliniki ambaye atamtafuta asipofika.